Taa ya Kiti cha Mbele Imenivua Nguo Kilindoni

Jamani, leo uso wangu nimeuacha Kilindoni, mbele ya duka la misumari, na watu wazima wakaupigia makofi.

Mnanijua. Niliondoka Mafia na begi moja. Dar nikabeba mizigo, nikauza makava ya simu, nikasoma jioni hadi nikapata diploma yangu ya ugavi. Sikusomeshwa na mjomba wala shangazi. Nimerudi na gari la familia, viti saba, nimelivusha mwenyewe kwa kivuko kutoka Nyamisati. (Familia bado sina. Gari limetangulia.)

Hiyo familia ndiyo ninayoihangaikia. Posa yangu kwa Mwanahawa iko kwa baba yake, Mzee Shomari wa Utende, tangu mwezi uliopita. Jibu lake hadi leo ni moja: "Nitawaambia." Tangu hapo sikai, silali, simu ikitikisika naruka. Kwa hiyo asubuhi niliposikia mzee anakwenda Kilindoni kununua misumari ya bati, nilitoka kwangu Miburani mbio kumfuata kwake Utende. Baba mkwe apande bodaboda na mimi nipo? Haiwezekani!

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hili ndilo gari?"

"Ndilo, baba. Jasho langu mwenyewe, kila gurudumu."

"Sijakuuliza."

Mzee akakaa mbele, ndiyo heshima yake. Nyuma akapanda dada yake, Bi Kidawa, na kapu la nazi za kumpelekea shoga yake mjini. Huyu ndiye shangazi mwenye sauti katika nyumba ile. Akisema posa ipite, inapita. Akicheka, Mafia nzima inajua.

Tukaondoka. Hatujafika mbali, nikaiona taa. Juu ya redio pana taa ndogo yenye picha ya mtu aliyekaa na duara mbele ya kifua, na maandishi mawili, ON na OFF. Imewaka OFF. Mtu mwenye akili zake angenyamaza. Mimi nina diploma.

"Baba, unaiona taa hiyo? Humo mbele yako umefichwa mfuko wa hewa. Tukigonga, unafumuka ghafla kukukinga kichwa na kifua. Lakini unatoka kwa nguvu sana, unaweza kumuumiza mtoto. Sasa ndani ya kiti chako kuna kipimo. Kikihisi kiti ni kitupu, au kimekaliwa na mtoto, kinauzima ule mfuko na taa inaandika OFF. Akikaa mtu mzima, inaandika ON."

Mzee akaitazama. "Sasa hivi imeandika nini?"

(Hapo ndipo ningebadili mada, nimwonyeshe minazi.)

"Imeandika OFF, baba."

"Kiti ni kitupu?"

"Hapana, baba."

"Basi mimi ni mtoto."

"Si hivyo, baba, ni mambo ya uzito tu..."

"Mtoto!" Bi Kidawa akadakia kutoka nyuma. "Kaka, tukifika mjini nakununulia pipi!" Akacheka hadi gari likayumba.

Ningeachia hapo. Siwezi kuachia! Mzee ni mwembamba, halafu amekaa ukingoni mwa kiti, ameshika mlango kama mtu anayengoja kushuka. Nikaanza kumpanga.

"Sogea nyuma kidogo, baba. Hapo hapo. Sasa kandamiza."

"Nikandamize nini?"

"Kiti, baba."

OFF. Jasho linanitoka. Nawaza, akikatiza mbuzi hapa tukaingia kwenye mnazi, baba mkwe hana kinga, na posa ndiyo kwaheri. (Sawa, posa niliiwaza kwanza.) Nikaegesha pembeni, nikachukua kapu la nazi kwa Bi Kidawa, nikamwekea mzee mapajani. Taa ikasita kidogo, ikaandika ON.

"Alhamdulillahi!" nikapiga kelele. "Sasa umekuwa mtu mzima, baba!"

Mzee akazitazama nazi. Akanitazama mimi.

"Kwa hiyo mimi na nazi hizi, tukijumlishwa, ndiyo mtu mzima mmoja?"

Nikawasha gari, nikatazama barabara. (Mara yangu ya kwanza kwa leo.)

Tukafika Kilindoni. Mzee akamrudishia dada yake kapu, akashuka na kuingia dukani. Mimi pale nje, gari nimeliacha linaunguruma, nalizunguka nafuta kioo kisicho na vumbi. Bi Kidawa naye kashuka, kahamia kiti cha mbele ajionee. Hata mlango hajaufunga, taa ikaandika ON. Akapiga kigelegele!

"Gari limeniamkia! Njooni nyie, gari hili linajua nani mtu mzima!"

Karibu na lile duka pana benchi la wanywa kahawa. Wakaacha vikombe, wote. Akakaa fundi cherehani: ON, makofi. Akakaa muuza kahawa mwenyewe: ON, makofi. Akakaa mvuvi mmoja mwembamba kama kasia: OFF! "Mpelekeni chekechea!" wakamzomea. Na mimi sasa nimechangamka, nimesimama kati yao natoa somo, mikono hewani: kipimo, uzito, mfuko, nguvu, na diploma yangu. Nikajisemea, mzee akitoka akanikuta nafundisha umma, posa imepita.

Mzee akatoka na misumari yake. Akasikiliza kidogo. Akauliza, kwa upole kabisa:

"Na mwenye gari je?"

Nikacheka. Halafu nikakumbuka kitu. Tangu nilinunue gari lile, kiti changu ni cha usukani. Kile cha pembeni sijawahi kukikalia.

Nikaingia kwa madaha, mguu mmoja ndani, mmoja nje, shingo imegeuka nione uso wa mzee.

OFF.

"Subirini, sijakaa vizuri." Nikaingiza mguu. OFF. Nikainama nikaigonga taa kwa kidole. OFF. Nikasogea kulia, nikasogea kushoto, nikageuka kumweleza fundi cherehani kwamba kuna hitilafu. OFF!

"Diploma kaiacha nyumbani," mvuvi akasema. "Ile ndiyo yenye uzito."

Benchi likapasuka kwa kicheko. Bi Kidawa alikaa chini kabisa, kwenye mchanga, anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Kaka, huyu ndiye anataka mke! Tumtafutie yaya kwanza!"

Mzee peke yake hakucheka. Akaja mlangoni, akaniinamia.

"Mwanangu, tulia."

"Nimetulia, baba."

"Hujatulia. Tangu Utende hujatulia. Rudi nyuma. Egemea. Miguu chini. Ufunge na huo mdomo."

Nikarudi nyuma. Nikaegemea. Nikafunga mdomo. Taa ikafikiri, ikaandika ON. Na hapo ndipo nikakumbuka maneno ya kitabu cha gari, kitabu nilichokisoma chote: abiria akae wima, mgongo umeegemea, la sivyo kipimo kinakosea. Ukurasa huo niliupigia hadi mstari!

Kurudi sikusema neno. Mzee kakaa mbele, kaegemea. Taa sikuitazama. Tulipofika kwake akashuka, akasimama kidogo ameshika mlango.

"Kesho alasiri njoo tuzungumze ile habari yako."

"Nitafika na gari mapema sana, baba!"

"Uje kwa miguu. Nataka ufike umechoka, labda utakaa."

Kutoka Miburani hadi Utende, jamani, na jua hili. Mkinikuta njiani kesho msicheke, na tafadhali sana, msinipe lifti.