Wahusika Wote Walipigiwa Simu

Jumanne, tarehe kumi na moja ya mwezi wa pili, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Ofisi ya Elimu ilianza rasmi kujali watoto. Kabla ya hapo haikuwa na sababu. Dakika hiyo chuma cha kushikia kwenye ngazi za shule, kilichokuwa kinacheza kama jino bovu kwa miaka mitatu, kiliamua kung'oka kabisa, na mtoto mmoja wa darasa la saba akaenda nacho.

Mtoto mwenyewe, waliyemwita Kibibi kwa sababu ya miwani yake, alianguka kutoka kipandio cha tisa. Walimu walimbeba mpaka hospitali juu ya ubao wa matangazo waliouchomoa ukutani, na ubao ulikuwa bado na karatasi yake: USALAMA NI JUKUMU LETU SOTE. Mwalimu Mkuu alibaki uwanjani na simu mkononi, anaigeuza huku na huku kama mtu aliyeiokota. Taarifa yake ya jioni ile ilikuwa na mistari mitatu, na wa mwisho ulisema: "Wahusika wote walipigiwa simu."

Kibibi alivunjika nyonga, akapelekwa kwa bibi yake, na dawati lake likabaki na nafasi. Aliyekuwa amemshika mkono pale ngazini ni binti wa fundi viatu. Huyu watu walimwita Chiriku, maana tangu ajue kusema hakuwahi kupumzika. Alikuwa anaongea hata na mswaki mdomoni. Kuanzia Jumatano alifika shuleni kama kawaida, akaketi kipandio cha kwanza, akaweka daftari magotini, akanyamaza. Darasa lake lilikuwa juu. Sauti ya mwalimu ikishuka, anadaka anachokidaka, anaandika.

"Panda, mama," baba yake alimwambia. "Mimi niko nyuma yako."

Chiriku alitikisa kichwa.

Fundi viatu aliishia darasa la nne na alikuwa amefiwa na mke. Mkewe alikata roho kwenye benchi la hospitali, kadi namba sitini na moja mkononi. Daktari alikuwa amefika namba arobaini, akaitwa kikaoni. Tangu siku hiyo fundi hakuwa na shaka kwamba wakubwa wapo. Alikuwa ameiona milango yao. Lakini mtihani wa mwisho ulikuwa mwezi wa tano, juu, na mtoto hapandi. Akafunga kibanda, akaenda Ofisi ya Elimu.

"Saini kitabu kwanza, mzee," karani wa mapokezi alimwambia.

Kitabu cha wageni kilikuwa na safu nne: jina, namba ya simu, unakotoka, sababu ya kufika. Fundi aliandika polepole, ulimi nje kama anatia uzi kwenye sindano. Kwenye sababu aliandika: Usalama wa shule. Mtoto anaogopa ngazi.

Karani akasoma, akakuna kidevu. "Sasa mzee wangu, shida ni ya ngazi au ya moyo?"

"Ya ngazi, mwanangu, lakini imeingia moyoni."

"Hizo ni idara mbili. Ngazi ni Kitengo cha Majengo. Moyo ni Dawati la Ustawi. Ukizichanganya, faili litafunguliwa wapi?"

Fundi akaomba radhi kwa kuzichanganya. Siku hiyo alikwenda Majengo, akasaini kitabu tena, maana kila mlango ulihesabiwa safari mpya. Majengo wakamwambia ngazi ipo, kilichokosekana ni chuma, na chuma ni Ugavi. Ugavi wakasema wao hutoa vitu vilivyoombwa, na shule haijaomba. Shule ikasema fomu za kuombea ziko Majengo. Dawati la Ustawi lilikuwa dawati kweli, zuri, la mbao ngumu, na mwenyewe alikuwa semina ya ustawi. Mama mfagizi alimwonea huruma, akamvutia kiti. "Kaa hapa, baba. Wewe ndiye wa kwanza kulitumia."

Katika safari zake zote fundi alikuwa akitupa jicho chini ya meza. Ni mazoea ya kazi. Viatu vya watu wa pale juu viling'aa, na soli zake hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Alijua maana yake. Mtu anayekwenda kutazama ngazi ya shule, njia ile ya kokoto, lazima soli imuumbue.

Ofisa wa Mitihani ndiye aliyempokea kwa upole kuliko wote.

"Chumba cha mtihani kimesajiliwa juu, mzee. Kina namba. Chumba hakiwezi kushuka. Mtoto ndiye anaweza kupanda."

"Na akishindwa?"

"Ataandikwa hakuwepo."

"Lakini atakuwepo. Atakuwa pale chini, anaonekana."

"Kwa macho atakuwepo," ofisa alikubali. "Kwa fomu hatakuwepo."

Hiyo ilikuwa safari ya saba.

Wakati huohuo, haidhuru kusema, ofisi haikuwa imelala. Kulikuwa na Kamati ya Muda ya Kutafuta Rasilimali za Usaidizi kwa Usalama wa Shule na Ustawi wa Mwanafunzi, watu kumi na wawili, na kazi yao ilikuwa kutafuta ni nani nchini anayeweza kumsaidia mtoto mwenye hofu. Walitafuta wiki sita katika hoteli mbili. Hawakumpata mtu. Mkurugenzi akataka orodha kufikia Ijumaa, iwe na kurasa arobaini, kwa sababu jalada la Mwongozo wa Usaidizi lilikuwa limeshachapishwa na ukubwa wake ulikuwa wa kurasa arobaini.

Wakamwambia karani wa mapokezi: orodhesha wote waliojitokeza.

Karani alikuwa mtu mtiifu. Alifungua kitabu cha wageni, akanakili kila kitu kama kilivyo. Alichobadilisha ni safu ya nne tu: palipoandikwa "sababu ya kufika" akaandika "huduma inayotolewa". Mama mmoja aliyeingia siku moja kujificha mvua akaorodheshwa chini ya majanga ya hali ya hewa. Mzee aliyeulizia choo akawekwa kwenye usafi wa mazingira. Fundi viatu, kwa safari zake saba, akachukua ukurasa wa tatu peke yake.

Mwalimu Mkuu alimletea Mwongozo mpaka kibandani, ameushika kwa mikono miwili.

"Fundi, msaada umepatikana. Tazama hapa: hofu ya ngazi. Wataalamu saba! Piga sasa hivi."

Fundi akabonyeza namba ya kwanza. Simu ikamjibu kwamba namba anayopiga inatumika. Akabonyeza ya pili. Inatumika. Akaendelea mpaka ya saba, kijasho kinamtoka.

"Wana kazi nyingi hao," Mwalimu Mkuu alisema kwa heshima.

Alipoondoka, Chiriku alichukua Mwongozo, akausoma, akauweka juu ya rundo la viatu. Nyumbani alikuwa anazungumza bado, maneno machache machache.

"Baba, hii ni namba yako."

"Ipi?"

"Zote."

Fundi alizifuata zile tarakimu kwa kidole, moja moja. Namba yako mwenyewe huna siku ya kuipiga, utaijuaje?

Kuanzia kesho yake simu ikawa haikauki. Mama mmoja akauliza kama pale ni kituo cha hofu za watoto. "Hapa ni kibanda cha viatu, dada." "Mwongozo unasema kituo." "Basi mtoto anaogopa nini?" Wakazungumza robo saa, fundi anashona. Aliwapigia ofisi aombe jina lake liondolewe. Karani akamwambia hakuna tatizo kabisa, aje tu asaini kitabu.

Wiki moja kabla ya mtihani, Mkurugenzi alikuja kuuzindua Mwongozo shuleni hapo hapo, kwa sababu ndiko usalama ulikoanzia. Sherehe ilipangwa juu, chumba chenye rangi mpya. Wazazi walijaa uwanjani. Mkurugenzi, mtu wa miaka hamsini na minane, suti ya kijivu, alimkuta Chiriku kipandio cha kwanza, akampapasa kichwa, akamruka. Alianza hotuba akipanda ili kuokoa muda.

"Usalama wa mtoto wetu," alisema kipandio cha tano, "ni safari."

Kipandio cha tisa mkono wake wa kushoto ulikwenda kushika chuma, ukashika hewa. Akatazama upande ule. Akaketi.

"Mheshimiwa, tuendelee," msaidizi wake alinong'ona.

"Siwezi."

"Basi tushuke."

"Huko ndiko siwezi zaidi."

Msaidizi hakubabaika. Alifungua Mwongozo, ukurasa wa tatu, akapiga. Uwanjani, mfukoni mwa aproni ya fundi viatu, simu ikalia. Watu wote wakageuka.

"Halo," alisema fundi.

"Dharura! Tuna mtu amekwama kwenye ngazi!"

"Pole sana. Ameshasaini kitabu?"

"Kitabu gani wewe?"

"Cha wageni. Kiko kwa Mwalimu Mkuu. Jina, simu, unakotoka, sababu ya kufika."

Kitabu kikaletwa, kikapandishwa mpaka kipandio cha tisa. Mkurugenzi akasaini, akajaza safu zote, hata ya nne. Fundi akasogea mpaka chini ya ngazi, simu bado sikioni.

"Sasa mkuu, shida ni ya ngazi au ya moyo?"

"Ndugu yangu, nisaidie!"

"Nauliza kwa sababu hizo ni idara mbili."

Msaidizi akakata simu, maana walikuwa hatua chache tu kutoka kwa fundi. Fundi akainua macho, akaziona zile soli, nyororo kama sabuni.

"Vua viatu, mzee mwenzangu. Hivyo havijawahi kutembea, havitajifunza leo."

Akavua. Hapo ndipo Chiriku, aliyekuwa hajafungua mdomo pale shuleni kwa miezi mitatu, alisimama.

"Shuka kwa makalio," alimwambia. "Usitazame kushoto. Mimi nimelifikiria sana."

Mkurugenzi wa Elimu akashuka kwa makalio. Darasa la kwanza, waliokuwa wamejifunza kuhesabu kinyumenyume wiki ile ile, wakamsaidia bila kuombwa: tisa, nane, saba, mpaka suti ikafika chini.

Ofisi ilimaliza jambo kwa kasi ya kupigiwa mfano. Isingefaa kusemwa kwamba Mkurugenzi aliogopa, kwa hiyo ilibidi ngazi ndiyo iwe na kosa. Akiwa bado na soksi, alitamka kwamba ngazi ile imethibitishwa kuwa hatari kuanzia leo, saa tano na dakika kumi. Ofisa wa Mitihani akapiga simu moja. Ilichukua dakika tisa, na chumba kikashuka, pamoja na namba yake. Wiki iliyofuata Chiriku alifanya mtihani chini, karibu na dirisha, dawati la watu wawili peke yake.

Chuma kipya kilifungwa mwezi huohuo, kizuri, cha kupakwa rangi. Kilifungwa kwenye ngazi za Ofisi ya Elimu, pembeni ya kile cha zamani.

Na lingeishia hapo kama si utiifu wa karani. Toleo la pili la Mwongozo lilipohitajika, kitabu cha wageni cha shule kiliitwa ofisini kinakiliwe. Ukurasa wa tatu sasa una mtaalamu mpya, amewekwa juu kabisa kwa sababu ya cheo: hofu ya ngazi, Mkurugenzi wa Elimu, na namba yake ya mkononi, ile ambayo hata manaibu wake hawakuwa nayo. Akina mama wanampigia tangu asubuhi. Mmoja alimshikilia saa nzima juu ya mtoto anayeogopa radi. Ameomba aondolewe. Ameambiwa aje asaini.

Jumamosi iliyopita Chiriku aliomba simu ya baba yake. Aliketi kwenye kigoda cha wateja, Mwongozo gotini, akabonyeza tarakimu moja moja. Fundi aliacha nyundo.

"Halo!" sauti ya kuchoka ilisema upande wa pili. "Kama ni radi, mimi sijui lolote!"

"Shikamoo. Mimi ni yule wa kipandio cha kwanza."

Chiriku alihamishia simu sikio la pili.

"Mlisema ngazi ilikuwa hatari kuanzia saa tano na dakika kumi. Na taarifa ya Mwalimu Mkuu nimeisoma, inasema wahusika wote walipigiwa simu. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimemshika mkono. Kwa hiyo nauliza tu: siku ile alipoanguka Kibibi, mlimpigia nani?"