Mipango Yangu ya Kumzuia Bibi Asihamie Mshangano

Jumatatu, 9 Januari 1995

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye kitubio sikulitaja: siogopi kwamba Bibi atapata taabu katika ile nyumba ya Mshangano. Naogopa atapata raha.

Nieleze. Bibi Kunegunda, mama yake Baba, aliteleza kwenye tope kule Maposeni kabla ya Krismasi. Nyonga. Hospitali walisema haikuvunjika, ila asiishi tena peke yake. Tangu hapo yuko kwetu mjini, analala kitandani mwangu, mimi mkekani. Sijawahi kulala vizuri hivi! Maana Bibi ndiye mtu pekee duniani ambaye mbele yake sauti yangu hutoka. Kwa wengine wote hukwama kooni kama kipande cha muhogo mkavu. Shuleni, mpaka namaliza kidato cha nne, walimu walinichukulia kama bubu mwenye akili. Kwa Bibi naongea kama redio.

Sasa Baba kaja na habari. Kuna nesi mstaafu, Mama Theodosia, anakaa na wazee wachache nyumbani kwake Mshangano. Si hospitali, si kambi ya wazee. Nyumba tu, ina kuku na bustani. Ndugu hupeleka mahindi, kuni na kitu kidogo kila mwezi. Baba anasema tangu apunguzwe kazini anashinda sokoni na mitumba yake, Mama anafundisha, na mimi nikichaguliwa kidato cha tano nitaondoka. Bibi atabaki na nani? Na paka?

Bibi kasema hata mbuzi hanunuliwi bila kutazamwa meno. Jumamosi apelekwe akaikague nyumba mwenyewe.

Mpango unahitajika. Haraka!

Jumanne, 10 Januari

Mpango wa Kwanza: chumvi. Nilimwambia Bibi kwamba manesi hawatii chumvi kwenye mboga kwa sababu ya presha. Nikaongeza kwamba hata dagaa wa Nyasa huwaloweka mpaka wasahau kwamba walikuwa dagaa. Nilisema kwa huzuni, nikitikisa kichwa.

Bibi kafikiri. Kasema basi huyo nesi ana akili, maana mkwe wake wa hapa anatia chumvi utadhani anakausha ngozi ya ng'ombe.

Mkwe wa hapa ni Mama. Alikuwa mlangoni. Jioni mboga haikuwa na chumvi hata chembe. Baba kauliza kulikoni. Nikainama, nikala.

Jumatano, 11 Januari

Mama kanituma Mshangano kuuliza kama Jumamosi tunaweza kufika. Mimi! Kwa watu nisiowajua! Njia nzima nilifanya mazoezi. Shikamoo Mama, naitwa Adela, nimetumwa na wazazi. Niliyaambia mahindi yote ya pembeni. Hayakujibu, kwa hiyo niliendelea vizuri sana.

Kufika, maneno yamepotea. Barazani kulikuwa na mzee mwenye kofia nyeupe anabangua korosho. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza mimi kabila gani. Nikanong'ona, Mngoni. Loo! Akashika kichwa, akapaza sauti: "Mama Theodosia! Fungia kuku! Mngoni kaingia!" Kisha akaniuliza mkuki nimeuacha wapi.

Nilitamani niwe korosho, nibanguliwe yaishe.

Anaitwa Mzee Muhsini, Myao wa Tunduru. Mwanawe ana duka hapa mjini, ndiye aliyemleta. Mama Theodosia alitoka akicheka, akasema Jumamosi karibuni. Nyumba sikuitazama hata kidogo. Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Lakini njiani nilicheka peke yangu. Nimepata silaha! Bibi yangu anajivunia Ungoni wake kama jogoo na kilemba chake. Akisikia haya, Mshangano kwisha.

Alhamisi, 12 Januari

Mpango wa Pili. Nimemweleza Bibi yote, na nimeongeza kidogo. Nilisema Myao yule anashinda barazani akiwatukana Wangoni tangu asubuhi. Nilisema anadai ngao za babu zetu zilikuwa za kujikinga mvua. Hiyo ya ngao niliitunga mwenyewe. Mababu mnisamehe.

Bibi akageukia ukutani. Mabega yakawa yanatetemeka. Analia! Bibi yangu, ambaye hakulia hata siku ile ya nyonga! Nilijisikia vibaya sana, kwa muda wa kuchemsha chai. Halafu nikajisikia mshindi.

Baadaye akauliza kwa sauti nzito, huyo mtu umesema ni Myao kweli? Nikasema kweli kabisa, wa Tunduru. Akasema, "Ahaa." Basi. Akataka atolewe kitenge chake cha Pasaka kwenye sanduku, kinyooshwe.

Anakwenda kupigana. Safi.

Jumamosi, 14 Januari

Nimeshindwa vibaya.

Asubuhi mvua. Nilifurahi, nikijua Bibi ataichukia ile njia. Rafiki yake Baba, Mzee Fulgence, alitubeba kwa pikapu yake ya marobota ya mitumba, Bibi kaketi mbele kama mke wa mkuu wa wilaya. Pikapu ikanasa kwenye tope. Tukasukuma mimi na Baba. Gurudumu likanirushia tope mpaka kwenye nyusi. Bibi akatoa kichwa dirishani: "Sukuma, mke mwenzangu! Myao ananingoja!" (Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe. Anasema babu alituoa sote wawili.)

Mzee Muhsini alikuwa barazani. Bibi hakungoja hata kuambiwa karibu. Akasimama na fimbo yake, akauliza nani kamweka Myao kwenye kiti wakati mashamba ya watu yanahitaji sanamu za kufukuzia ndege. Mzee akajibu kwamba leo dunia imeharibika, Mngoni kaja mchana. Bibi akasema Wayao wangeuza hata mvua hii kama ingefungika kwenye gunia. Mzee akasema kama ingefungika, Wangoni wangekuwa wameshaipora. Wakacheka mpaka Bibi akashika nyonga na mzee akashika mbavu.

Watani! Wangoni na Wayao ni watani! Mimi utani niliujua wa misibani tu, mtani anapolala kaburini hatoki mpaka apewe kitu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuukosa mpaka akaumwa. Bibi alisema tangu babu afariki hajapata mtu wa kumtukana kwa nafasi. Sisi wote tunamheshimu mno, kasema, tunamchosha.

Na Alhamisi hakuwa analia. Alikuwa anacheka. Ile ya ngao kaipenda kuliko zote, akamwambia mzee airudie. Mzee akaapa wallahi hajawahi kuisema, lakini kuanzia leo ni yake.

Halafu choo. Choo ndicho kilichonimaliza. Mama Theodosia amefunga mianzi ya kushika tangu mlango wa nyuma mpaka chooni, kwenye kimo cha mkono wa mtu mzima. Bibi akaishika. Nikamfuata kama kawaida, nimeshaanza kumsimulia habari ya paka. Akageuka akasema kwa upole nibaki hapo hapo.

Akaenda peke yake. Akarudi peke yake. Uso wake! Kama mtu aliyerudishiwa shamba lake. Na mimi siku zote hizi nilidhani anafurahia kusindikizwa.

Kurudi tope likanikaukia usoni, ikawa hata kutabasamu siwezi.

Jumapili, 15 Januari

Mpango wa Tatu. Ulitaka kutuua.

Shangazi Devota, dada mkubwa wa Baba, alifika jana jioni kutoka Namasakata, anakokaa na mumewe ambaye ni mwalimu. Kaja kwa ajili ya kikao cha Bibi. Kabla ya misa, tukiosha vyombo, nilimnong'oneza kwamba Bibi alilia Alhamisi. Mabega yalitetemeka, hilo si uongo. Nilitaka apinge tu. Shangazi akipinga jambo, hukwama mpaka Pasaka.

Kapinga! Baada ya chakula kasema Mngoni gani anampeleka mama yake kwa watu baki kama mbuzi wa kufugishwa. Watu watatusemaje? Moyoni nikampigia vigelegele. Akaendelea. Kasema yeye ndiye kifungua mimba, keshokutwa anaondoka na Bibi kwenda Namasakata. Maneno yameisha.

Namasakata! Siku nzima juu ya lori, kama mvua itakubali, na nyonga ile! Na choo chao kiko ng'ambo ya kijito, Shangazi mwenyewe husimulia kama sifa. Nikamtazama Baba. Mbele ya dada yake Baba huwa mtoto, alikuwa anahesabu vifungo vya shati. Mama ni mkwe, hawezi kusema. Bibi akatazama mikono yake. Kasema mzee hana miguu, huenda anakobebwa. Kwa sauti ndogo. Sijawahi kumsikia Bibi na sauti ndogo. Ilikuwa yangu ile.

Nikasimama. Sijui nani aliyenisimamisha. Sauti ikatoka, tena kama ya mnadani. Nikaanza na shikamoo Shangazi, ingawa nilishamwamkia asubuhi. Nikasema Mshangano kuna mianzi ya kushika na Bibi anakwenda mwenyewe, hasindikizwi na mtu. Kuna mtani wake. Kuna nesi anayejua kukanda nyonga. Sisi tutafika kwa miguu kila tukitaka, Namasakata tutafika lini? Nikasema Bibi hakulia, alicheka, mwongo ni mimi. Kisha nikakaa. Nikakalia bakuli la maharage.

Shangazi akamwuliza Baba, huyu si ndiye yule asiyesema?

Bibi kajibu yeye. "Anasema sana. Nilikuwa nimemficha kwa matumizi yangu."

Shangazi akanitazama mpaka maharage yakapoa. Mwishowe akasema haya, kesho apelekwe akaione hiyo mianzi mwenyewe.

Yaani mimi! Kwa mdomo wangu mwenyewe! Nimempeleka Bibi Mshangano!

Jumatano, 18 Januari

Bibi amehama. Shangazi aliikagua mianzi Jumatatu, akaitikisa kwa mikono miwili kama mwizi wa maembe. Haikung'oka. Alipopita barazani, Mzee Muhsini akamwuliza kama Wangoni sasa wanaiba na vyoo. Shangazi kaondoka jana akicheka bado.

Nimerudi kitandani mwangu. Kipana mno. Nimemsimulia paka habari zote. Alisikiliza kidogo, akaenda zake.

Jumapili, 22 Januari

Nimekwenda Mshangano. Nilijiandaa kumkuta Bibi amekonda. Amenenepa! Kapewa kazi ya kuchambua mboga za nyumba nzima, anaamuru watu. Mama Theodosia kaniomba niwasomee wazee gazeti. Nilianza kwa kunong'ona. Mzee Muhsini akasema Wangoni siku hizi wanasoma kama wanaoiba herufi. Nikakasirika, nikasoma kwa nguvu. Wakabishana kila habari, mpaka bei ya sukari. Nikabishana nami. Nilipofika nyumbani sauti ilikuwa imekauka. Haijawahi kunitokea!

Jumamosi, 4 Februari

Ramadhani imeanza. Mzee Muhsini anafunga, na Bibi, Mkatoliki wa Maposeni, ndiye anayempikia uji wa futari. Jana alimpelekea bakuli akasema waitwe mashahidi, Mngoni leo kaleta kitu badala ya kuchukua. Mzee akaonja, akasema sasa ameelewa kwa nini zamani walikuwa wanapora vya watu. Bibi alicheka mpaka mwiko ukaanguka.

Nakwenda karibu kila siku. Nina raha, nikiri tu. Bibi ana raha, Baba ana raha, hata mboga ya Mama imerudiwa na chumvi.

Lakini kuna jambo. Chumbani kwa Bibi kuna kitanda cha pili, kiko wazi. Kesho inakuja familia kutoka Mbinga kuikagua nyumba kwa ajili ya mama yao. Nimesikia ni msimuliaji hodari. Atalala hapo hapo, karibu na sikio la Bibi! Mimi nitasikilizwa saa ngapi?

Mama Theodosia, kwa kuwa siku hizi nasema vizuri, kaniomba mimi niwatembeze wageni.

Nimefikiri sana. Kosa langu mara ile lilikuwa kuisema nyumba vibaya. Ukikisema kitu vibaya, watu wanakipenda. Kwa hiyo kesho nitaisifu. Nitaisifu kila kona, nitaisifu bila kupumua, mpaka waingiwe na shaka wajiulize hapa pana nini, wapande gari lao warudi Mbinga. Mpango huu nimeuchungulia kila upande, hauna tundu.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, nakuomba sana, usimwambie mtu. Hasa Bibi. Atacheka mpaka nyonga imuume.