Milango ya Vioo

Jumatatu, 3 Machi

Ijumaa bwana afya anakuja kukagua vyoo vya soko. Akiridhika, nabaki msimamizi. Asiporidhika, kazi anapewa shemeji, kaka wa mke wangu, anayeinyemelea tangu mwaka jana. Kasoro yetu ni moja tu: foleni. Watu wakiingia hawatoki. Nimewaza mpaka kichwa kikaniuma, nikapata. Mtu hacheleweshwi na tumbo. Anachelewa kwa sababu haoni wanaomngoja! Nang'oa milango ya mbao, naweka vioo. Vile ambavyo aliye ndani anaona nje, na aliye nje anajiona mwenyewe tu. Fundi vioo ameniuliza mara tatu kama nina hakika. Mafundi wa siku hizi waoga.

Jumanne, 4 Machi

Vioo vimekaa. Vinang'aa. Nikaingia wa kwanza kujaribu, nikachuchumaa. Bwana muuza nyanya akaja, akasimama hatua moja kutoka kwangu, akanikodolea macho, akaanza kujitoa mchicha menoni. Najua hanioni. Lakini mwili wangu ulikataa katakata. Nimetoka kama nilivyoingia. Sielewi.

Jumatano, 5 Machi

Foleni imerefuka. Nusu yao hawana haja, wamekuja kujitazama. Kinyozi amehamishia kiti chake pale. Walio ndani wanashindwa kumaliza mpaka wa nje aondoke, na wa nje haondoki. Mama mfagizi akaniambia mwenzangu, weka pazia. Nikamjibu pazia juu ya kioo ni kununua redio kisha kuziba masikio. Akasema haya, kazi yake yeye ni ufagio tu. Shemeji alipita, akachana nywele, akasifu kazi yangu. Sikupenda alivyotabasamu.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Bwana afya alifika saa nne. Akanusa, akaandika, akauliza vioo vya nini. Nikamweleza. Akasema basi ana haja, atavijaribu mwenyewe. Moyo ukaniruka kwa furaha. Mara wingu zito likatanda, nje kukawa giza, naye akawasha taa ya ndani. Kioo kikageuka! Sisi wa nje tukamwona yeye, amechuchumaa, faili kifuani. Yeye akawa anajiona mwenyewe, akaanza kunyoosha tai. Foleni nzima ikamtazama kwa adabu. Kinyozi, kwa mazoea, akamwamkia shikamoo. Sauti ya ndani ikajibu marahaba, kisha ikakatika ghafla. Mama mfagizi peke yake ndiye aliyegeukia ukuta.

Nimempigia simu fundi vioo. Anasema alinieleza kwamba anayeonekana ni aliye kwenye mwanga. Alinieleza lini? Labda ile mara ya pili, nilipokuwa natunga hotuba ya shukrani.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amepewa kazi. Jana alirudisha milango ya mbao na makomeo yake, na foleni inakwenda vizuri. Imeniuma, sifichi. Mke wangu anasema haya ndiyo matunda ya kutosikiliza watu. Nimemsikiliza mpaka mwisho, kisha nikakaa kulitafuta kosa langu. Nimelipata. Kioo hakikuwa na ubaya, ila kilikaa usawa wa macho ya watu.

Kituo cha mabasi kinatafuta msimamizi wa vyoo. Nimekwenda kupima leo leo. Safari hii milango itakuwa ya mbao, sina ubishi. Paa ndilo litakuwa la kioo. Jua tele, taa za nini? Mahali penyewe pazuri, katikati kabisa ya majengo mawili ya ghorofa nne. Wapangaji walikuwa wamejaa kwenye roshani, wakanipungia mkono. Watu wakarimu sana.