Siku Mheshimiwa Alipookota Sindano Zote

Usijifanye hukuona. Ulikuwapo kando ya uwanja, unatafuna muwa wako, wakati kocha alipowaita mabinti nyuma ya choo mmoja mmoja na kuwadunga kile anachokiita vitamini. Mmoja alirudi anatetemeka. Ukageuza shingo ukaanza kutazama ng'ombe wa watu. Mwaka jana pia uligeuza. Na mwaka juzi, binti mmoja wa mtaa wa Mjambere alipoanguka mzunguko wa mwisho asizinduke mpaka hospitalini, ulisema ni jua.

Bahati yako, Kisauni ina wakubwa wenye macho. Mwaka huu wa 1993, Land Rover yenye kipaza sauti ilizunguka mtaa wote wa Junda ikitangaza kuzaliwa kwa Kamati Kuu ya Tarafa ya Kutokomeza Dawa za Nguvu Michezoni kwa Njia ya Gemu ya Televisheni. Mmoja wa wajumbe aliwahi kukimbia, siku aliyofukuzwa na mbwa. Kocha wa vitamini akateuliwa Mjumbe wa Afya, kwa kuwa ndiye pekee mwenye uzoefu wa sindano.

Gemu yenyewe ilikuwa safi. Faki, fundi wa televisheni, aliitengeneza kwa akili yake: kijitu kinazunguka uwanja, njiani sindano zinameremeta. Ukigusa moja, kijitu kinavimba, kinachomoka kama risasi, kisha kinaanguka chali na machela inakuja. Ukizikwepa zote, unapewa kikombe na tarumbeta inalia.

Nyamvula, binti wa miaka kumi na sita anayekimbia mita mia nane, aliicheza mara moja akashinda, akapewa cheti. Hakushangaa. Sindano ya kweli alikuwa ameshaikwepa: kocha alipomwita nyuma ya choo alimjibu, "Anza wewe, kocha, nikuone." Alizitaka mbio za mkoa kwa miguu yake mwenyewe. Mshindi angechukuliwa na shule ya bweni bila karo, na yeye alikuwa nyumbani kwa shangazi yake Kafedha tangu muhula wa kwanza, kwa kukosa karo, anakanda unga wa mahamri.

Kamati ikaweka sharti: bila cheti cha gemu, hukimbii. Ikaongeza jingine, likapakwa rangi nyekundu ukutani mwa ukumbi: ATAKAYEGUSA SINDANO AMEJITANGAZA MTUMIAJI. ATATOA MKOJO MBELE YA KAMATI, NA HATASIMAMA MBELE YA HADHARA MPAKA MAJIBU YATOKE. HAKUNA CHEO.

Alasiri ya kuamkia siku ya uzinduzi wa gemu, Nyamvula alikuwa akipanga viti, maana Kamati ilikuwa imeamua kwamba kupanga viti ni sehemu ya mazoezi. Mheshimiwa, Mgeni Rasmi wa kesho yake, akaingia kujaribu kijiti cha kuchezea gemu. Akaiona sindano ya kwanza, akaifuata. Akaiona ya pili, akaifuata. Machela ikaja. Akarudia, machela ikaja tena. Akaondoka amenuna.

Katibu wa Kamati, Bwana Justus, akamshika Faki mkono.

"Fundi, Mheshimiwa amekufa."

"Ameokota sindano, mkubwa."

"Umeshaona wapi Mgeni Rasmi akakata utepe ukakataa kukatika? Ukaona wapi akapiga penalti kipa akadaka?"

"Sijaona."

"Basi Mgeni Rasmi hashindwi. Geuza."

"Wallahi, mkubwa, nikigeuza, wenye sindano ndio watashinda!"

"Mafunzo yabaki vilevile," alisema Bwana Justus kwa upole. "Matokeo tu ndiyo yabadilike."

Faki akamtazama Nyamvula, Nyamvula akatazama viti. Gemu ikageuzwa.

Kesho yake ukumbi ulifurika. Nyamvula akaitwa wa kwanza kupimwa upya kwa heshima ya wageni. Alijua gemu imegeuzwa, lakini hakukubali kugusa; akazikwepa sindano zote. Kijitu chake kikaanguka, machela ikaja.

"Umeshindwa," alitangaza Bwana Justus. "Cheti cha awali kimefutwa."

"Lakini sikugusa hata moja!"

"Ndilo kosa lako, binti. Kaa."

Wenzake walikuwa wepesi kuelewa. Wakaziokota kama embe zilizodondoka, tarumbeta ikalia, vyeti vikatoka. Kocha akapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Nyamvula akauma mdomo asilie mbele yake.

Ndipo Mheshimiwa akavua koti akacheza. Hakuacha hata moja. Kioo kikaandika kwa herufi kubwa: BINGWA, MHESHIMIWA. SINDANO: ZOTE. Ukumbi ukashangilia.

Akasimama kuhutubia. Shangazi Kafedha akasimama naye, unga ungali mikononi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama."

"Hongera sana. Sasa lete mkojo."

Mtu akacheka, na kicheko kikalipuka mpaka mabati yakatikisika.

"Mama, mimi ni Mgeni Rasmi!"

"Ukuta unasema hakuna cheo. Ama ukuta mwausomea watoto wetu tu?"

"Mkojo! Mkojo!" ukumbi ukaitikia. Chupa tupu ya soda ikapita mkono kwa mkono mpaka mezani. Mheshimiwa akafungua kinywa, watu wakapiga kelele, "Kaa! Majibu hayajatoka!" Akakaa, akajaribu kuhutubia amekaa. Wakaisogeza chupa karibu. Akamgeukia kocha: "Wee Mjumbe wa Afya, waambie hii yako ninayodungwa kila Ijumaa ni vitamini!"

Kocha akatoka kwa dirisha. Mheshimiwa akatoka kwa mlango wa nyuma, akaruka ua wa michongoma na suti yake. Nyamvula, anayejua mbio, alikiri kwamba mwendo haukuwa mbaya, ila mguu wa kushoto anautupa. Tangu siku hiyo Mheshimiwa hajafungua hata kisima Kisauni. Akifika tu, kina mama hutoa chupa.

Lakini cheti cha Nyamvula hakijarudi. Kamati inasema kukirudisha ni kukubali ama mashine ni mwongo, ama Mheshimiwa ni mtumiaji, na yote mawili hayako kwenye ajenda. Itakaa kulijadili baada ya mbio.

Mbio ni leo saa tisa. Sasa hivi Nyamvula yuko kwenye geti la uwanja, viatu begani, na Bwana Justus amesimama hapo getini amekunja mikono. Ni mtu mmoja yule, hawezi kuzuia mtaa mzima. Acha kusoma. Vaa malapa, wapigie majirani hodi, mwende mkamwingize binti huyu mpaka kwenye mstari, na msiondoke hapo kabla hajakimbia.