Magugu Maji kwa Watoto Kumi na Saba

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimeonewa! Bwana Luhende, ofisa wa kata, ametoa amri: shule ya chekechea yenye watoto pungufu ya ishirini inafungwa. Ijumaa anakuja kuhesabu. Ninao kumi na saba. Watatu wamehamia chekechea ya Bi Moza, ng'ambo ya barabara, eti kwa sababu ana bembea. Bembea! Mimi niliyeuza dagaa soko la Mwaloni, kando ya ziwa, miaka tisa, nikajenga chumba hiki tofali kwa tofali, nishindwe na kamba mbili na ubao? Halafu anawaambia wazazi kwamba watoto wangu wananuka samaki. Wananuka elimu.

Jumatano, 8 Machi

Nimepata dawa yake: somo la mimea. Bi Moza ana mpapai mmoja tu uani, na mizizi yake imo ardhini, nani ataiona? Mimi nimeshuka ziwani na beseni, nimezoa magugu maji. Bure kabisa! Yamejaa mpaka mitumbwi haipiti. Mmea mzima unaonekana, mizizi, shina, majani na ua la zambarau. Kila mtoto kapewa kopo la maji na mmea wake, jina limebandikwa kwa plasta. Wameimba vizuri: mizizi inakunywa, shina linabeba, majani yanapumua. Precious aliweka sikio kwenye majani, akasema ni kweli, yanapumua. Mtoto ana akili huyu.

Mizizi ni myeusi, inaning'inia kama nywele. Sikupenda kuigusa. Lakini bure ni bure.

Alhamisi, 9 Machi

Magugu yamezaa! Jana tu nimeyaleta, leo yana vichipukizi. Nikavitia vitatu kwenye makopo matatu, na hapo wazo likanijia. Kumi na saba jumlisha tatu. Luhende ataonyeshwa makopo ishirini yenye majina, na wale watatu nitasema wanaumwa surua. Majina nimeyatunga mwenyewe: Masalu, Ngosha, Tereza.

Bernadeta, msaidizi wangu, alikataa kuyaandika. Alisema shikamoo atanipa zote, lakini hilo hapana. Kwao Ukerewe jina hurithiwa, lina mwenyewe. Bibi yake alimwonya kwamba ukilibandika juu ya kitu kilicholetwa na maji, umemwita mwenye nalo. Nikamjibu hapa ni Kirumba, mjini, na kalamu ni yangu. Nikaandika mwenyewe, herufi kubwa.

Bi Moza akachungulia dirishani, akaniuliza, Mama Winnie, majani hayo yote, ng'ombe anakuja lini? Nikamwambia ng'ombe ameshafika, yupo dirishani. Akaondoka na midomo yake.

Ijumaa, 10 Machi

Asubuhi mkeka wa nyuma ulikuwa umelowa. Bati halivuji, mvua haikunyesha. Khalidi alikataa kukaa pale, akasema ni pa Masalu. Nikamsifu kwa kukumbuka majina ya makopo. Uji ulipogawiwa, sufuria liliisha kabla ya Bernadeta kupata wake. Haijawahi kutokea.

Luhende akaja. Kabla sijafika kwenye surua, akaanza kuhesabu vichwa, mmoja mmoja, kwa ncha ya kalamu. Ishirini. Akarudia. Ishirini! Mimi nilihesabu kumi na saba, na mtu aliyepima dagaa miaka tisa hakosei hesabu. Akainama kwenye mkeka mtupu, akauliza chini ya mmea kuna nini. Mimi sikusikia jibu. Yeye akatabasamu, akasema hodari sana, na watoto wote wakageuka nyuma kupiga makofi.

Akatia saini! Ila alinigombeza: wale watatu wamelowa chapachapa, wapewe sweta. Na yule binti Tereza apunguzwe nywele, zinaburuzika sakafuni.

Bernadeta hakuaga. Hata kanga yake kaiacha.

Jumamosi, 11 Machi

Shule yangu imepona! Bi Moza kasikia, kanuna.

Lakini lazima niwe mkweli na hesabu: yeye ana thelathini na moja, mimi ishirini, maana saini ni saini, hata kama watatu sijawaona. Leo Precious alipita na mama yake, nikamuuliza wale wenzake watatu wanakaa wapi. Akasema karibu, ukishuka Mwaloni, ukifika majini usisimame, unaendelea tu. Mama yake akamvuta mkono, wakaondoka bila kwaheri. Lakini mtoto aliwahi kugeuka, akaniambia kwao wako wengi sana.

Wengi sana! Na mimi nahangaika na Bi Moza na bembea yake! Jumatatu wakitoka shule nitawasindikiza wale watatu mpaka kwao, nionane na wazazi uso kwa uso, niwaandikishe na hao wengine. Nimeshaazima mabuti ya mpira.