Nyumba ya Jeshi Kule Kilimani

Hong Kong, Jumatatu, 4 Machi 1895
Ukungu tena. Viatu vimeota kuvu. Mke wangu Winifred katoa onyo: joto la Julai likitukuta bado kwenye shimo hili la bondeni, anapanda meli kwa mama yake. Na atapanda, namjua! Lakini Mungu hamtupi mja wake. Jeshi linataka kuikabidhi Serikali ya Koloni nyumba ya maofisa kule Kilimani, penye upepo. Jeshi linadai bei. Hazina haitoi hata senti. Na anayetumwa kuikagua ni nani? Mimi, Septimus Pargeter wa Idara ya Ujenzi! Nitaandika ni mbovu. Jeshi litaitoa bure, wakubwa wataikataa, nami nitajitolea kuishi humo. Masikini mimi!

Jumatano, 6 Machi
Nyumba ni ngome. Sakafu hailii hata ukirukaruka. Nikasubiri Kapteni Thackwell, anayeitunza, aende kumimina mvinyo, nikadunga dari kwa ncha ya mwavuli. Aliporudi nikamwambia: mchwa. Akatazama dari, akatazama chokaa kwenye mwavuli, akauliza kama hao mchwa nimekuja nao kwenye machela yangu ya kubebwa na wapagazi. Fidhuli! Nikaongeza kwenye ripoti: paa linahatarisha maisha.

Jumatatu, 11 Machi
Ushindi! Jeshi limeitoa bure. Thackwell alitia sahihi huku anacheka. Acheke, juha yule. Nyumba hugawiwa kwa cheo, na walio juu yangu wote wameikataa. Lumley wa Posta kasema heri alale kwenye gunia la barua. Winifred anafunga mizigo akiimba. Kanibusu! Mara ya kwanza tangu Krismasi.

Alhamisi, 14 Machi
Balaa! Baraza limepitisha fedha kwa kauli moja. Fedha za kuibomoa! Nikamkimbilia Mweka Hazina, nikamwambia nyumba ni nzima kabisa. Akauliza, basi mwongo nani, ripoti au aliyeiandika? Nikakumbuka pensheni yangu. Nikasema ni mbovu, bwana, mbovu mno. Akaniteua kusimamia ubomoaji.

Jumanne, 26 Machi
Kuta zilikataa nyundo. Ikabidi baruti. Baruti ya jeshi, kwa bei aliyopanga Thackwell! Winifred akasema mizigo ishafungwa, hana haja ya kuifungua. Hakupaza hata sauti. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 31 Machi
Meli imeondoka. Hakupunga hata leso. Nimelia, ndiyo, nimelia. Lakini jeshi linatoa nyumba nyingine, yenye bustani! Akisikia atarudi mbio. Na safari hii si mchwa, mimi si mpumbavu. Nitaandika kuwa kuna mtu kafia humo kwa tauni. Ni kweli, mwaka jana nyumba za tauni zilichomwa moto. Lakini zile zilikuwa za Wachina. Ya afisa wa Malkia, nani atathubutu kuiwashia kiberiti?