Mapazia ya Hasamba

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Nimepewa cheo! Mzee Mika, mshenga wetu, kateguka kiuno, kwa hiyo dada yangu Ruti kanifuata kibandani kuniomba niwe mshenga wa mwanawe Jofrey. Alisema amekosa mwingine. Hakulisema kwa heshima sana, lakini mimi nimelipokea kwa heshima zote. Kesho napeleka neno Hasamba, kwa Nathanaeli, baba wa binti. Binti anaitwa Fortunata, na Jofrey anampenda mpaka suruali zimeanza kumpwaya.

Ruti kanipa masharti. Nisichelewe, nisibishane, na nisianze habari za viti vyangu. Viti vyangu! Tunduma nzima inakimbilia Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kununua makochi manene yenye maua ya dhahabu, halafu wanayakalia na nailoni yake. Viti vya mbao safi vya miaka ya hamsini wanapasua kuni. Fundi makochi mwenye macho hapa mjini nimebaki mimi tu.

Jumanne, 5 Agosti

Sijui nianzie wapi. Neno limefika, limepokelewa, sawa. Lakini mapazia!

Mazungumzo yalifanyikia kwa Getruda, dada mkubwa wa Nathanaeli, mjane. Nyumba ni ya marehemu mama yao, aliyempikia mzungu mmoja wa shamba la kahawa. Mzungu alipohama akamwachia viti viwili vyenye miguu iliyochanuka kama ya ndama aliyezaliwa leo, na mapazia. Pamba nzito, rangi ya haradali. Majani meusi, vijiti, na vikombe vidogo vyekundu vinavyoelea hewani bila meza. Aliyevichora alikuwa na furaha siku hiyo. Miaka arobaini na tano na hayajapauka!

Nathanaeli akaniuliza ukoo wetu umetokea wapi. Nikamjibu, pamba. Faini: jogoo mmoja.

Wakati wa kuaga nilimuuliza Getruda kwa mbali kama vitu vya zamani havimsumbui kufua. Akasema vya mama yake haviuzwi. Halafu akajikunyata, akalalamika kwamba baridi ya mwaka huu inamwingia mpaka kwenye mifupa.

Baridi! Haviuzwi, lakini hakusema havibadilishwi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimevuka Nakonde asubuhi. Nimerudi na blanketi zito lenye picha ya chui, na vitenge viwili juu yake. Mpango ni mwepesi. Mama wa watu atajifunika, atapata joto, atasema Osea, nikushukuru kwa kipi? Mimi nitatazama dirishani tu.

Jofrey kaniona nafunga mzigo, akauliza blanketi la nani, maana mahari bado haijapangwa. Nimemwambia ni ujirani mwema. Kijana ana wasiwasi mno. Nimeshapima madirisha yangu: mapazia manne yatatosha, na kipande kitakachobaki kitafanya mito miwili ya viti.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefika Hasamba wakati akina mama wanatandaza kahawa kwenye vichanja. Nathanaeli yupo, mashangazi wapo, majirani wapo. Vizuri, nikasema, shukrani ya mbele za watu haina kurudi nyuma. Nikalifungua blanketi, nikamwekea Getruda mabegani, vitenge nikampa mkononi.

Mama mmoja akaanza kigelegele, akakikatisha katikati. Nathanaeli akaweka kikombe chake chini. Getruda alinitazama, akamtazama Nathanaeli. Mimi nikatazama dirishani, kama nilivyopanga. Hakuna aliyefuata macho yangu.

Nikaambiwa nirudi nyumbani nikasubiri jibu. Jibu! Yaani wanakaa kikao kwa ajili ya mapazia. Watu wastaarabu sana hawa. Njiani nilipiga mluzi mpaka Vwawa.

Jumamosi, 9 Agosti

Balaa.

Jibu limekuja, kwa barua. Mshenga hana mkono wake mwenyewe, kila anachotoa ni cha bwana harusi. Na blanketi likifunguliwa mbele ya watu kwa mwanamke asiye na mume, hiyo ni posa. Kwa maana hiyo Jofrey kaposa mtu na shangazi yake ndani ya wiki moja! Nathanaeli anauliza kama kijana wetu ana akili timamu. Fortunata kalia siku nzima, na ndani ya bahasha karudisha saa aliyopewa na Jofrey.

Mila yenyewe naijua. Kila mtu anaijua, hata mtoto. Lakini nilikuwa natazama dirisha.

Ruti alifika kibandani na mwiko wenye ugali bado. Sitaandika aliyoyasema. Jofrey alikaa kwenye kiti changu cha mwaka hamsini na sita, akashika kichwa, na ile saa ameikumbatia kifuani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nimemharibia mtoto wa dada yangu, kwa tamaa zangu. (Hata hivyo mikono ya kile kiti inafaa sana kwa mtu mwenye huzuni. Kiwiko kinakaa chenyewe.)

Jumapili, 10 Agosti

Njia ilikuwa moja. Nisimame mbele ya ukoo nitamke kwamba blanketi lilikuwa langu, kwamba mimi Osea ndiye niliyeposa, nikaruka utaratibu. Ruti ndiye aliyepitisha hivyo. Nilijifunza maneno njia nzima, Jofrey kanikalia pembeni kama askari.

Tukaingia uani kwa Getruda baada ya ibada. Nikainua macho. Kwenye madirisha kuna mapazia mapya ya nailoni yenye lesi! Na yale ya haradali yako wapi? Kwenye kichanja! Wamefunika kahawa isipasuke kwa jua la mchana! Vikombe vyangu vyekundu chini ya kinyesi cha kuku!

Nikalia machozi kabisa. Wao wakadhani nalia kwa majuto, na ikanisaidia sana, maana mashangazi wawili nao wakaanza kufuta macho. Nikasema maneno yangu yote.

Getruda akaomba aulize swali moja. Alhamisi na siku ile ya kwanza yeye alikuwa amevaa nini? Nikafikiri. Nikafikiri tena. Nikasema nguo. Basi akauliza lingine: pazia la dirisha la kushoto lilikuwa na vikombe vingapi? Kumi na tisa, nikajibu, kabla hajafunga mdomo.

Uani kukawa na kicheko. Hata Nathanaeli alicheka, akashika mbavu. Getruda peke yake hakucheka sana. Akasema mume wake alimtazama miaka ishirini na miwili mpaka anakufa, na yeye hatamaliza maisha na mtu anayetazama nyuma ya bega lake. Posa imekataliwa.

Imekataliwa, kwa hiyo imekwisha, kwa hiyo Jofrey yuko huru! Faini ni mbuzi, na blanketi linabaki. Fortunata alitoka ndani macho yamevimba, akanyoosha mkono, Jofrey akamvalisha saa mwenyewe. Mzee Mika ataendelea na ushenga, hata kama ni kwa kubebwa.

Kwenye gari Jofrey alinishika mkono mpaka tunafika Tunduma. Mimi nilikuwa najaribu kuukumbuka uso wa Getruda. Nilikumbuka pua tu. Iliniuma.

Jumatano, 13 Agosti

Dada kaniapisha mbele ya Biblia. Nisiwe mshenga tena, nisitamani tena vya nyumba za watu. Nimeapa kwa moyo mmoja. Kuanzia leo, watu kwanza, vitambaa baadaye. Nimeonja uzito wa jambo, nimebadilika.

Jioni kaja Anania, muuza vipuri. Anaomba nimpelekee neno la mwanawe huko Isongole. Anasema aliyejinasua Hasamba hashindwi popote. Nimemkatalia pale pale, tena kwa ukali.

Akainuka kuondoka. Mlangoni akasema, basi tu, kwamba baba wa binti ana redio kubwa ya kabati, ya mwaka sitini na moja, yenye miguu minne, na mbele kitambaa chake cha nyuzi za dhahabu hakijawahi kuguswa na fundi.

Naondoka kesho na gari la kwanza. Ruti nimemwambia naenda kupimwa macho.